UZI: Mvua ya nchi nzima inapimwaje, na kwa nini namba yake si sawa na maji tuliyonayo

Mpimamaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mada ya maji ikiibuka humu jukwaani lazima atokee mtu na namba moja: nchi fulani inapata milimita kadhaa za mvua kwa mwaka, basi ina maji mengi, au basi imekwisha. Namba zenyewe mara nyingi ni sahihi. Shida ni kwamba zinabebeshwa mzigo usio wao. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi ya kujumlisha takwimu za mvua na jambo hili linaniuma, kwa hiyo naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tuanze na milimita yenyewe. Chukulia sinia pana lenye kingo zilizosimama wima, umeliweka uwanjani. Mvua imenyesha, na maji hayakuvuja, hayakutiririka wala hayakukauka. Kina cha maji yaliyomo ndiyo mvua iliyonyesha. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Kwa hiyo ukitaka ujazo wa mvua ya nchi, zidisha milimita za mwaka kwa eneo la nchi katika kilomita za mraba, gawanya kwa milioni moja, na jibu litakuja katika kilomita za ujazo.

Mfano wa Misri: milimita 18 kwa mwaka, eneo la kama kilomita za mraba milioni moja. Unapata kilomita za ujazo 18. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: milimita 1,543 juu ya kilomita za mraba 2,344,860, unapata zaidi ya kilomita za ujazo 3,600. Hesabu ni nyepesi. Swali zito ni nani aliyeipima hiyo milimita 1,543.

Jibu ni kwamba hakuna aliyeipima. Hakuna chombo kinachopima mvua ya nchi. Kinachopimwa ni maji yaliyoingia kwenye midomo ya vipimamvua, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka mdomo huo uwe na angalau sentimita za mraba 200, yaani duara lenye kipenyo cha sentimita 16 hivi. Ukubwa wa sufuria ndogo! Hata ungekusanya vipimamvua laki moja vya ukubwa huo na kuipanga midomo yao bega kwa bega, vingechukua mita za mraba 2,000, chini ya theluthi moja ya uwanja wa mpira. Shirika hilohilo linashauri maeneo ya milima yawe na angalau kipimamvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 250, na tambarare za bara kimoja kwa kila kilomita za mraba 575. Piga hesabu ya mlimani: kipimamvua kinasemea eneo kubwa kuliko mdomo wake mara bilioni kumi na mbili na nusu. Na hapo kanuni imetimizwa; sehemu nyingi za dunia haijatimizwa.

Kwa hiyo namba ya nchi ni makadirio yaliyojengwa kutoka kwenye matone machache, na ubora wake unategemea ujenzi. Ngoja niwape mfano wa kubuni. Nchi ina eneo la kilomita za mraba 100,000 na vituo vitatu: kimoja nyikani kinapata milimita 400, kimoja kwenye vilima 900, kimoja mlimani 2,000. Ukijumlisha na kugawanya kwa tatu unapata 1,100. Lakini nyika ni asilimia 60 ya nchi, vilima 30, mlima 10. Kila kituo ukikipa uzito wa eneo lake, unapata 240 jumlisha 270 jumlisha 200, jumla 710. Tofauti ya milimita 390 kwenye nchi hiyo ni kilomita za ujazo 39 za maji yasiyokuwepo. Njia hii ya kugawia kila kituo eneo lililo karibu nacho kuliko kituo kingine chochote ilitolewa na Mmarekani Alfred Thiessen mwaka 1911, na bado inatumika. Wengine huchora mistari ya mvua sawa juu ya ramani, jinsi mistari ya mwinuko inavyochorwa, na mchoraji anayeujua mlima wake hupata picha nzuri zaidi.

Halafu kuna wakati. Mwaka mmoja hausemi kitu, ndiyo maana wastani wa kawaida huchukuliwa kwa miaka 30. Unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wengi wakiuingia. Majedwali ya kimataifa yanayotokana na AQUASTAT, hifadhi ya takwimu za maji ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), huonyesha namba ileile kwa nchi mwaka baada ya mwaka. Misri 18, tena 18, tena 18. Mtu anachora grafu, anapata mstari ulionyooka, anaandika kwamba mvua haijabadilika. Ndugu zangu, hiyo ni namba moja ya wastani wa muda mrefu iliyorudiwa kila mstari! Haikupimwa mwaka ule. Haiwezi kukuambia lolote kuhusu ukame wala mabadiliko ya tabianchi.

Na sasa kiini cha uzi. Mvua ni kiingilio, siyo salio. Juu ya nchi kavu yote duniani inanyesha kama kilomita za ujazo 110,000 kwa mwaka, na takriban sita ya kumi inarudi angani kupitia uvukizaji na mimea. Kinachobaki mitoni na ardhini, elfu arobaini na kidogo, ndicho huitwa rasilimali ya maji inayojirudisha. Kongo yenye mvua ile kubwa, maji yake yaliyozaliwa ndani ya nchi ni kama kilomita za ujazo 900, robo tu ya mvua. Misri, katika zile 18, inabakiwa na kama 1. Inaishi kwa Mto Nile, ambao mkataba wa mwaka 1959 kati yake na Sudan uliipangia kilomita za ujazo 55.5. Bangladesh ina mvua ya milimita 2,666, bado zaidi ya tisa ya kumi ya maji yake yote huingia kwa mito kutoka nje ya mipaka. Nchi tatu, na hakuna hata moja ambayo milimita peke yake zingekuambia hali yake.

Karibuni tujadili.

---

Bonde_la_Juu

Mkuu nimesoma mwanzo mwisho, ahsante. Ila umenipa hoja dhidi yako mwenyewe. Kama mvua siyo salio, na makadirio yenyewe ni ya kubahatisha hivyo, kwa nini tuhangaike nayo? Tupime mito. Mto umeshafanya jumla yote, unapima mahali pamoja pale unapotoka bondeni.

---

Mpimamaji

@Bonde_la_Juu hoja yako ina nguvu, na mito lazima ipimwe. Lakini mto unakupa kilichobaki baada ya kila mtu kuchota. Mto ukipungua miaka kumi mfululizo, utajuaje kama mvua imepungua, au mashamba ya juu yamechota zaidi, au msitu umebadilika, au visima vimeshusha maji ya ardhini yaliyokuwa yanaulisha mto wakati wa kiangazi? Bila rekodi ya mvua, mabishano hayo hayaishi. Wa bonde la chini watawalaumu wa juu, wa juu watalaumu mbingu.

Jambo la pili. Ile sehemu inayorudi angani haijapotea. Mahindi, malisho na misitu vimeinywa. Mtaalamu wa Sweden, Malin Falkenmark, ndiye aliyetufundisha kuyaita haya maji ya kijani, na ya mitoni na ardhini maji ya buluu. Karibu asilimia 80 ya ardhi inayolimwa duniani inategemea mvua moja kwa moja. Ukipima mto tu, chakula kingi cha dunia hakionekani kwenye hesabu yako.

---

Kitabu_Cheusi

Nimekuwa msomaji wa kituo kwa muda mrefu, naomba nieleze upande wa yule anayeinama kusoma kipimamvua.

Saa tatu kamili asubuhi unakwenda kwenye uzio. Unanyanyua faneli, unatoa chupa, unamimina maji kwenye silinda ya kioo yenye mistari. Silinda unaiweka juu ya kitu kilicho sawa, unainama mpaka jicho liwe usawa wa maji. Maji kwenye kioo yanajikunja, pembeni yamepanda na katikati yameshuka. Unasoma pale chini katikati. Ukisoma ukiwa umesimama unakosea. Unaandika hadi sehemu ya kumi ya milimita, unamwaga, unarudisha chupa. Hata kama kulikuwa na jua kali jana unakwenda, maana kuna umande, kuna jani limeziba faneli, kuna buibui.

Kuna mambo matatu yanayoharibu rekodi kuliko chombo kibovu.

La kwanza ni sifuri. Sifuri maana yake nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na maji. Mstari mtupu maana yake hakuna aliyekwenda. Niliwahi kupokea vitabu vya kituo kimoja ambako mtu aliugua wiki tatu katikati ya masika, na aliyekuja kunakili takwimu akaona nafasi tupu hazipendezi, akajaza sifuri zote. Wiki tatu za masika zikawa kiangazi! Zilikaa hivyo kwenye takwimu kwa miaka, na kila wastani uliopigwa kutoka kituo kile ulikuwa wa uongo. Niliumia sana, kwa sababu kitabu cha awali kilikuwa mkweli.

La pili ni mvua ya siku tatu kuandikwa kama ya siku moja. Msomaji hakuja Jumamosi wala Jumapili, Jumatatu anakuta milimita 84, anaziandika zote Jumatatu. Jumla ya mwezi iko sawa, lakini mhandisi anayetafuta mvua kubwa ya siku moja ili apime upana wa daraja anakuta dhoruba ambayo haikutokea.

La tatu ni tarehe. Maji unayosoma leo saa tatu mengi yalinyesha jana. Vituo vingine huyaandika kwa tarehe ya jana, vingine kwa tarehe ya leo. Vyote ni sawa mradi usichanganye. Ukichanganya, kituo na jirani yake vinaonekana kama vina mvua tofauti kila siku.

---

Jicho_la_Juu

Heshima kwako @Kitabu_Cheusi. Ila kwa zama hizi, kwa nini tusitegemee setilaiti? Tangu 1997 kulikuwa na TRMM ya Marekani na Japani kwa ukanda wa tropiki, na Februari 2014 ikarushwa ya GPM. Sasa tunapata makadirio ya mvua kila nusu saa, kwa miraba ya kama kilomita 10, karibu dunia nzima, bila kujali nani ameugua.

---

Mpimamaji

@Jicho_la_Juu setilaiti imetusaidia mno, hasa baharini na majangwani ambako hakuna mtu. Lakini tuelewane inapima nini. Haikingi tone. Inatazama ubaridi wa vilele vya mawingu, au mawimbi yanayotoka kwenye maji na barafu ndani ya wingu, au mwangwi wa rada yake, kisha fomula inakisia kilichofika chini. Wingu refu baridi linaweza lisidondoshe kitu. Wingu fupi la joto linaloegemea mlima linaweza kunyesha usiku kucha, na setilaiti ikaliona hafifu. Hata rada ya ardhini ni hivyo: inapima mwangwi, kisha fomula kama ile ya Marshall na Palmer ya mwaka 1948 inaugeuza kuwa milimita.

Na hizo fomula zinarekebishwa kwa nini? Kwa vipimamvua. Bidhaa nyingi bora za mvua za setilaiti zinachanganywa na vituo vya ardhini ili zisipotoke. Vituo vikifungwa, setilaiti inabaki bila wa kumsahihisha. Kwa hiyo yule anayeinama saa tatu asubuhi bado anabeba mfumo mzima, na ndiyo maana nakasirika kuona vituo vinakufa kwa hoja kwamba teknolojia imekuja.

---

Upepo_wa_Kusi

Nyongeza kwa wote: hata kipimamvua kizuri kinapunja. Upepo unajipinda juu ya mdomo wake na kupeperusha matone madogo. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unataja hasara ya upepo ya asilimia 2 hadi 10 kwa mvua, na 10 hadi 50 kwa theluji. Kuna maji yanayobaki yamelowesha kuta za faneli, kuna yanayokauka kabla ya kusomwa. Makosa karibu yote yanavuta upande mmoja, wa kupunguza. Ndiyo maana kizuizi chochote, mti au jengo, kinatakiwa kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake kutoka usawa wa mdomo. Nimeona kituo ambacho mti ulipandwa mdogo karibu na uzio, ukakua, na rekodi ikaonyesha "ukame" unaozidi kila mwaka. Mti ndio uliokuwa unakinga mvua.

Vile vinavyojiandika vyenyewe, vya vijiko viwili vinavyopinduka kila vikijaa, navyo wakati wa mvua kubwa sana hupunja, kwa sababu kijiko kikiwa katikati ya kupinduka maji yanaendelea kumwagika bila kuhesabiwa.

---

Mlima_Mweupe

Na theluji? Huku kwa wenye baridi ndiyo nusu ya habari.

---

Upepo_wa_Kusi

@Mlima_Mweupe inayeyushwa, kisha yanasomwa maji. Kina cha theluji peke yake hakitoshi, maana theluji laini ya sentimita 10 inaweza kutoa sentimita moja tu ya maji, na ile nzito iliyoshikana ikatoa zaidi sana. Kwa mlima mzima wanachoma bomba kwenye theluji na kupima uzito wake. Hesabu ya nchi inataka maji, haitaki kina.

---

Bonde_la_Juu

@Mpimamaji nimekubali kuhusu mito. Nina swali jingine. Nikichukua maji ya mito ya nchi nikaongeza maji ya ardhini, nimepata rasilimali yote?

---

Mpimamaji

Utakuwa umehesabu mara mbili. Mto unaotiririka miezi mitatu bila tone la mvua unakula nini? Maji ya ardhini yanayochuruzika kwenye kingo zake. Hayo ulishayahesabu ardhini, ukayahesabu tena mtoni. Ndiyo maana FAO hujumlisha vyote viwili kisha hutoa ile sehemu ya pamoja, na kwenye nchi nyingi zenye mvua sehemu hiyo ni karibu maji yote ya ardhini. Kosa la namna hiyohiyo linatokea kati ya nchi na nchi: maji yaliyozaliwa juu yanahesabiwa huko, yakishuka yanahesabiwa tena chini kama yaliyoingia. Ukijumlisha maji yote ya nchi zote kwa mtindo huo unapata dunia yenye maji kuliko ilivyo.

Na mvua yenyewe ni hivyohivyo. Miaka ya 1970 Mbrazil Eneas Salati alionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya Amazon imetokana na maji ambayo msitu wenyewe ulishayanywa na kuyapumua. Tone lilelile linanyesha, linapanda, linanyesha tena mbele. Kwenye kipimamvua linaandikwa kila linaposhuka, na ni sahihi kuandikwa, maana kila mahali lilinywesha kitu. Ila usilichukulie kama maji mapya kila mara.

---

Mgeni_Jukwaani

Samahani wakuu, naingia kwa unyenyekevu. Nimepewa kazi ya kuandaa wastani wa mvua wa bonde moja. Nina vitabu vya vituo 14, baadhi vya karatasi vya zamani sana, vyenye mapengo mengi. Baada ya kusoma maneno ya @Kitabu_Cheusi nimeogopa. Nilikuwa nimeshajaza mapengo kwa sifuri kwenye kompyuta. Nianzie wapi?

---

Kitabu_Cheusi

Usiogope, umeuliza kabla ya kuchapisha. Futa sifuri zote ulizoweka wewe. Weka alama moja ya pengo ambayo haiwezi kuchanganywa na mvua, na uandike pembeni kwamba ndiyo alama ya pengo. Ukikuta mstari mtupu kisha namba kubwa ghafla, hizo ni siku zilizorundikwa. Ziwekee alama yake tofauti, usizigawanye kwa kukisia. Halafu soma pembezoni mwa kurasa. Wasomaji wa zamani waliandika huko: chupa imepasuka, ng'ombe wameangusha kipimio, nimesafiri. Hayo maneno ni takwimu.

---

Mpimamaji

Kaka amemaliza, naongeza kidogo. Usipige wastani wa mwezi wenye pengo la siku nyingi, uache mtupu. Kwa kila kituo, chora jumla yake inayojilimbikiza mwaka hadi mwaka dhidi ya jumla inayojilimbikiza ya jirani zake. Kama kila kitu kiko sawa utapata mstari ulionyooka. Ukikunjika mahali, kuna kitu kilitokea mwaka ule: kituo kilihamishwa, mti ulikua, silinda ilibadilishwa ikawa ya kipimo kingine. Nenda kwenye kitabu cha mwaka huo ukatafute. Ukishasafisha ndipo ugawe uzito wa maeneo. Na ukitoa jibu, taja miaka, taja idadi ya vituo, taja asilimia ya siku zilizokosekana.

Kabla ya yote hayo, piga picha kila ukurasa, mwanga wa dirishani unatosha, usitumie wa taa kali. Anza na kitabu ambacho wino wake umefifia zaidi.